Daftari la Walioumia Kichwani

SOMO LA TISA

Katika somo lililotangulia ulijifunza habari za mifupa ya mikono na miguu: jinsi ya kuifunga kwa vibao, na jinsi ya kumchukua mgonjwa bila kumzidishia maumivu. Somo la leo ni la kichwa, nasi tutashika kalamu kabla ya kushika bendeji. Usiseme moyoni mwako, "Hayo ni mambo ya karani, mimi ni mwuguzi." Soma kwanza. Kabla somo halijaisha utaona jinsi hesabu ilivyowaokoa watu ambao dawa ya hospitali yenyewe ilikuwa ikiwaua.

Somo hili ni lako wewe unayefanya kazi katika hospitali ya kanisa hapa Tunda, au katika vituo vya afya vilivyo chini yake. Tena ni la walimu na wachungaji wa vijiji, maana mara nyingi wao humwona mgonjwa kabla yetu.

Kwa nini kichwa si kama mguu

Ukipigwa mguuni, mguu huvimba. Ngozi hutanuka, uvimbe hupata nafasi, na baada ya siku chache hushuka. Ubongo nao ukipigwa huweza kuvimba, au mshipa hupasuka na damu hujikusanya. Lakini fuvu la mtu mzima ni mfupa usiotanuka. Fikiri kibuyu kilichojaa maji na kuzibwa: huwezi kuongeza hata kijiko kimoja. Damu ikizidi ndani ya fuvu, ubongo husukumwa chini kuelekea tundu lililo chini ya fuvu, pale uti wa mgongo unapoanzia. Mahali hapo ndipo ilipo sehemu ya ubongo inayotawala pumzi. Ikibanwa sana, mtu huacha kupumua.

Tena kuna jambo linalodanganya watu wengi. Mtu hupigwa, huzimia kitambo, kisha huamka. Huketi, hujibu, huomba maji. Ndugu zake humshukuru Mungu na kumrudisha nyumbani. Saa chache baadaye husema kichwa kinamwuma sana, hutapika, halafu husinzia. Nao husema, "Mwacheni alale, amechoka." Kumbe mshipa ulio chini ya mfupa ulikuwa ukivuja tangu asubuhi. Asipoangaliwa hufa usiku ule, na kijiji husema amerogwa, kwa kuwa wote walimwona kwa macho yao akiwa mzima.

Mtu huyo huzikwa, na jina lake halimo katika daftari lolote la hospitali. Mwisho wa mwaka mkubwa wa afya akiuliza ni wangapi waliokufa kwa kuumia kichwani, yeye hatahesabiwa. Na asipohesabiwa, hakuna atakayeleta kofia ngumu wala kamba ya kupandia miti wala mafundisho kwa ajili ya mwenzake atakayeumia kesho.

Neno "mzigo"

Wataalamu hutumia neno mzigo wanaponena juu ya ugonjwa katika nchi. Neno hili mama zetu wa Maniema wanalijua kwa shingo zao kuliko wataalamu wanavyolijua kwa vitabu. Lakini wataalamu wanataka kuupima, nasi yafaa tujue wanaupimaje.

Zamani walihesabu vifo tu. Katika taarifa ya Benki ya Dunia ya mwaka 1993, hesabu mpya iliyoongozwa na Christopher Murray na Alan Lopez ilitolewa, nayo ilihesabu miaka. Tufanye mfano. Mzee wa miaka 70 amekufa, na kijana wa miaka 25 amekufa. Ni vifo viwili. Lakini kama kijana alitazamiwa kuishi miaka 40 zaidi, basi kijiji kimepoteza miaka 40 ya kulima, ya kulea na ya kuimba kanisani. Tena kama kijana hakufa, bali amebaki asiyeweza kushika jembe wala kukumbuka majina ya watoto wake, miaka hiyo nayo huhesabiwa kwa sehemu, maana anaishi lakini amepungukiwa. Kwa hesabu hii kuumia kichwani ni mzigo mzito kuliko watu walivyodhani, kwa sababu wengi wanaoumia ni vijana.

Mwaka 2018 kundi la madaktari wa upasuaji wa ubongo lilitoa makisio kwamba watu milioni 69 duniani huumia ubongo kila mwaka, na kwamba nchi za kipato cha chini na cha kati zina watu wa namna hii karibu mara tatu kuliko nchi tajiri. Kwa Afrika walikisia kwamba 56 katika kila 100 huumia katika ajali za barabarani.

Sasa uliza swali ambalo mwanafunzi mwema huuliza: hesabu hiyo waliipata wapi? Hawakwenda kijiji kwa kijiji. Kwa nchi nyingi za Afrika madaftari yalikuwa machache, basi walichukua habari zilizopo, pamoja na makisio ya watu walioumia barabarani, wakazipigia hesabu kwa watu wote. Hawakuficha neno, waliandika wazi kwamba wanakisia. Lakini maana yake ni hii: mtu wa Kibombo aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi, ambao sisi huuita mngazi, amehesabiwa kwa kukisiwa, na makisio yenyewe yalianzia barabarani, naye hakuwa barabarani.

Tazama jinsi watu wa kwetu wanavyoumia. Wako waliopanda pikipiki bila kofia ngumu, watatu juu ya kiti kimoja pamoja na mbuzi. Wako walioanguka kutoka juu ya lori, wameketi juu ya magunia. Wako wasukuma baiskeli zilizobeba mawese, ambao mzigo huwaangukia katika mteremko. Mkata ngazi huanguka na panga lake mkononi. Watoto huanguka katika miembe wakati wa maembe. Mchimbaji huangukiwa na udongo katika shimo la dhahabu au la bati. Tena kuna fimbo na mawe katika ugomvi wa mashamba na wa nyumbani, na mwanamke aliyepigwa mara nyingi husema, "Nilianguka." Andika alivyosema, lakini mwulize tena kwa upole wakati mume hayupo.

Ni nani kati ya hao wengi zaidi hapa kwetu? Huwezi kujibu kwa kufikiri. Mtu humkumbuka mgonjwa wa juzi na yule aliyetisha. Daftari huwakumbuka wote.

Wasiofika mlangoni

Lakini daftari la hospitali nalo lina tundu. Katika nchi ya Uganda, daktari wa upasuaji Olive Kobusingye na wenzake walianzisha katika miaka ya 1990 karatasi moja ya kuandika kila mtu aliyeletwa hospitali kwa kuumia. Wangaliweza kuridhika na hayo. Lakini walituma watu nyumba kwa nyumba, vijijini Mukono na mjini Kawempe katika Kampala, kuuliza kila nyumba ni nani ameumia na ni nani amekufa. Habari hizo zilichapwa mwaka 2001. Mjini, waliokufa kwa kuumia walikufa zaidi barabarani. Kijijini, kilichoua zaidi kilikuwa maji.

Fikiri jambo hilo. Aliyezama hapelekwi hospitali. Kama wangalisoma daftari la hospitali tu, wangalisema maji si hatari.

Basi nasi kwa habari ya kichwa tuna watu ambao hatuwaoni. Kuna aliyekufa palepale chini ya mti. Kuna aliyekufa katika tipoyi, njia ikiwa ndefu na mto umefurika. Wachukuzi wakageuka wakarudi naye nyumbani. Kuna aliyepigwa akachanganyikiwa siku mbili kisha akarudi shambani, asione haja ya kuja. Na kuna yule tuliyemsimulia juu, aliyeamka na kuomba maji.

Nani anawajua hao? Mchungaji anawajua, kwa kuwa amewazika. Wachungaji wengi huandika maziko katika kitabu cha kanisa. Mwombe kila mchungaji na kila mwalimu wa kijiji aongeze maneno machache kando ya jina: amekufa kwa nini, na alifikishwa wapi. Chifu naye anajua, na wahudumu wa afya wa kijiji pia. Ukikutana nao kila miezi mitatu ukauliza swali moja tu, "Ni nani ameumia kichwani asifike kwetu?", utapata majina ambayo hakuna mashine ya Ulaya ingeweza kukupa.

Jihadhari pia na kosa la upande wa pili. Mgonjwa aliyeandikwa katika kituo cha afya, kisha akaletwa Tunda, akaandikwa tena, amekuwa watu wawili. Kila ukipokea mgonjwa uliza alikotoka, uandike.

Tena hesabu ya wagonjwa peke yake haisemi mengi. Watu 20 katika mwaka ni wengi au ni wachache? Ni wengi kama wametoka kijiji kimoja, ni wachache kama wametoka katika zoni nzima. Kwa hiyo andika kijiji cha kila mtu, ili hesabu iweze kugawanywa kwa idadi ya watu wanaokaa pale.

Ni nani wa kuandikwa

Si kila jeraha la kichwa ni jeraha la ubongo. Ngozi ya kichwa hutoka damu nyingi sana na kuwatisha watu, na huenda ndani hakuna kitu. Tena mtu huweza kufa kwa ubongo kuumia, na juu ya ngozi huoni hata mkwaruzo. Andika kwamba ubongo umeumia ukiona mojawapo la mambo haya baada ya pigo: alizimia hata kwa muda mfupi; au hakumbuki lililotokea kabla au baada ya pigo; au amechanganyikiwa; au upande mmoja wa mwili umelegea, au maneno hayatoki vema, au ameshikwa na kifafa. Wengine waandike kama jeraha la ngozi tu, katika ukurasa wao.

Kisha upime. Mwaka 1974 madaktari wawili wa mji wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitoa kipimo kisichohitaji mashine. Kinatumika duniani kote, nawe uwe nacho kichwani kama sala.

Tazama kwanza macho. Yakiwa wazi yenyewe, andika 4. Yakifunguka unapomwita, 3. Yakifunguka ukimfinya tu, 2. Yasipofunguka kabisa, 1.

Halafu maneno. Akijua yeye ni nani, yuko wapi, na ni mwezi gani, 5. Akijibu lakini amechanganyikiwa, 4. Akitoa neno moja moja lisilo na maana, 3. Akiguna tu, 2. Akinyamaza kabisa, 1. Hapa angalia sana: mwulize katika lugha ya mama yake. Mzee anayejua Kikusu au Kitetela tu, ukimwuliza kwa Kiswahili au Kifaransa asijibu, hujapima ubongo wake, umepima masomo yake. Na mtoto mchanga asiyejua kusema hapimwi kwa njia hii ya maneno. Daktari atakuonyesha njia yake.

Mwisho mwili. Akitii ukimwambia, "Inua mkono," 6. Asipotii, lakini ukimfinya juu ya bega mkono wake unakuja kuondoa mkono wako, 5. Akijivuta tu kuukimbia uchungu, 4. Mikono ikijikunja na kukakamaa kifuani, 3. Ikijinyosha na kukakamaa, 2. Pasipo mwendo wowote, 1.

Jumlisha. Mzima kabisa ana 15, na wa chini kabisa ana 3, si 0. Kutoka 13 mpaka 15 ameumia kidogo. Kutoka 9 mpaka 12 ameumia kwa kadiri. 8 na chini yake ameumia vibaya, na huyo huenda asiweze kulinda njia yake ya pumzi. Usiandike jumla peke yake. Andika sehemu zote tatu, ili wa zamu ya usiku ajue ni kipi kilichopungua.

Kipimo kimoja hakitoshi. Pima kila nusu saa katika saa mbili za kwanza, kisha kila saa kwa saa nne, kisha kila saa mbili, usiku na mchana. Kila mara imulike mboni za macho kwa tochi. Jumla ikishuka kwa 2 au zaidi, au mboni moja ikiwa kubwa kuliko ya pili na haisinyai kwa mwanga, mwite daktari wakati huohuo, hata kama ni usiku wa manane, hata kama ulimwita saa moja iliyopita.

Na mtu akinuka lotoko, usiseme amelewa ukamwacha. Mlevi huanguka kuliko wengine. Mwenye jeraha la kichwa anayesinzia ni mgonjwa wa ubongo mpaka utakapohakikisha vingine.

Yaliyofundishwa na hesabu

Sasa nitakuambia habari niliyokuahidi. Kwa miaka zaidi ya 30 madaktari wa nchi nyingi waliwapa walioumia ubongo dawa za jamii ya kotikosteroidi, ndugu zake deksametasoni unayoijua. Fikira ilikuwa nzuri: dawa hizi hupunguza uvimbe, ubongo uliojeruhiwa huvimba, basi zitasaidia. Daktari alimpa mgonjwa, mgonjwa akapona, daktari akaamini. Mgonjwa alipokufa, daktari alisema pigo lilikuwa kubwa mno.

Ndipo wakakubaliana kuhesabu. Katika hospitali za nchi nyingi, tajiri na maskini, walichukua watu 10,008. Kwa kura, nusu walipewa dawa, na nusu walipewa kitu kisicho dawa kinachofanana nayo, wala daktari hakujua ni kipi alichompa nani. Katika majuma mawili, kati ya waliopewa dawa walikufa 1,052. Kati ya wasiopewa walikufa 893. Tofauti ni watu 159. Uchunguzi ukasimamishwa, na habari ikatangazwa mwaka 2004.

Tofauti hiyo ni kama watu 3 katika kila 100. Hospitali inayopokea watu 30 wa namna hii kwa mwaka ingeona kifo kimoja zaidi kila mwaka. Ni nani angeweza kukiona kifo hicho kimoja akiwa kando ya kitanda? Hakuna, hata daktari mwenye hekima na upendo. Ilipasa kukusanya madaftari ya hospitali 239 ndipo kionekane. Kwa hiyo usimpe mtu aliyeumia ubongo deksametasoni kwa ajili ya jeraha hilo, hata ndugu zake wakiinunua dukani na kukuletea.

Habari ya pili ni ya kutia moyo hospitali za mashambani. Mwaka 2012 Dakta Randall Chesnut na wenzake walitangaza uchunguzi wao wa Bolivia na Ekwado. Watu 324 walioumia vibaya waligawanywa. Wengine waliwekewa ndani ya fuvu kipimo cha mgandamizo, ambacho ni ghali sana. Wengine hawakuwekewa, walitibiwa kwa kuangaliwa hali zao kwa bidii na kwa picha za ubongo. Matokeo ya makundi mawili hayakutofautiana. Sisi hata picha zile ni shida kuzipata, lakini macho na tochi na kuamka usiku tunavyo.

Ya tatu ni ya mwaka 2019. Dawa inayozuia damu, asidi ya traneksamiki, ileile wapewayo akina mama wanaotoka damu baada ya kuzaa, ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 12,000 walioumia kichwani. Ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kuumia, ilipunguza vifo vya wale ambao hawajaumia vibaya sana; waliokuwa karibu na kufa haikuwasaidia. Kuitoa ni shauri la daktari. Lakini daktari hawezi kuamua kama hukuandika saa ya kuumia, na "asubuhi" si saa.

Wengine watasema, "Tuhesabu kwa faida gani, na mpasuaji wa ubongo hayupo?" Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, huko Tanzania, haikuwa naye pia. Mwaka 2006 daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alifika pale. Aliona kwamba akiondoka kazi itakufa, basi akamfundisha daktari msaidizi mmoja, Emmanuel Mayegga, kufungua fuvu na kuondoa damu. Husimuliwa kwamba kwa kukosa chombo walitumia msumeno wa waya, wa namna ya ule mkulima aliokuwa akikatia mti, wakautakasa kwanza. Mayegga naye akamfundisha mwingine. Wagonjwa waliopasuliwa waliandikwa, na hesabu yao ikachapwa ili wengine waweze kuipima kazi ile. Na katika hospitali ya KCMC ya Moshi, tangu mwaka 2013, kila aliyeletwa kwa kuumia ubongo aliandikwa katika daftari maalumu. Likaonyesha kwamba wengi walikuwa wanaume vijana, wengi wao wa barabarani, na pikipiki nyingi zilihusika. Ukijua hivyo unajua la kufundisha, maana kofia ngumu ya pikipiki hupunguza kifo kwa kiasi cha 42 katika 100, na jeraha la kichwa kwa 69 katika 100. Kama daftari letu litaonyesha mngazi kuliko pikipiki, hatutaanza na kofia. Tutaanza na kamba ya kupandia.

Mistari ya kuandika

Luka alikuwa tabibu, na tunaona tabia yake katika Matendo sura ya 20, katika habari ya Eutiko wa Troa. Hakuandika tu kwamba mtu alianguka. Alituachia jina, kwamba alikuwa kijana, kwamba ilikuwa usiku wa manane, kwamba aliketi dirishani, kwamba sababu ni usingizi, kwamba ilikuwa orofa ya tatu, tena kwamba alipelekwa akiwa hai. Wahubiri humtaja Eutiko kuwaonya wanaosinzia ibadani. Mimi humtaja kwa wauguzi wanaoandika "ameanguka" na kufunga daftari.

Basi piga mistari katika daftari kubwa, ukurasa kwa ukurasa: jina, umri, mume au mke, kijiji, siku na saa ya kuumia, siku na saa ya kufika, amechukuliwa kwa nini, tipoyi au pikipiki au miguu, ameumia jinsi gani, na kama alianguka, kimo chake, kofia ngumu ilikuwapo au haikuwapo, kipimo cha Glasgow kwa sehemu zake tatu, mboni, ametendewa nini, ametoka siku gani, na hali gani. Usiache nafasi tupu. Kama hukuuliza, andika "sikuuliza". Kama uliuliza na hawajui, andika "hawajui". Nafasi tupu haimfundishi mtu kitu.

Kumchukua mgonjwa nitasema kwa ufupi, maana uliyasoma katika somo la tatu. Shika kichwa na shingo vilingane na mwili. Akiwa hana fahamu, mgeuze wote pamoja kwa ubavu, ili matapishi yatoke. Usimmwagie maji, usimtikise, usimpe chakula wala kinywaji wala dawa ya kienyeji puani. Jeraha lifunike kwa kitambaa safi, na kama mfupa umebonyea usiukandamize.

Baada ya kutoka hospitali

Hapa ndipo madaftari mengi hunyamaza. Mgonjwa ametoka akitembea, tumeandika "amepona". Je, amepona? Baada ya miezi sita mtafute, au umtume mwalimu wa kijiji chake. Jennett, yule wa Glasgow, pamoja na Michael Bond, walitoa mwaka 1975 ngazi tano: amekufa; yu hai bila kujitambua; anajitambua lakini hutegemea watu kwa mambo ya kila siku; anajitegemea lakini hawezi kazi zake za zamani; amerudi katika maisha yake. Mwalimu anaweza kujaza hilo kwa maswali machache: Anajivalisha? Anaweza kukaa peke yake siku nzima? Amerudi shambani? Hasira zake zikoje? Hukumbuka aliyotumwa? Ameanguka kifafa?

Swali la hasira usiliache. Mke husema, "Mume wangu aliyekwenda hospitali siye huyu niliyerudishiwa." Anasema kweli. Mtu mpole huweza kuwa mkali, mwenye bidii huweza kukaa kutwa bila kazi, na wazee wa kanisa humweka chini ya adhabu kwa dhambi ambayo ni kidonda. Na kifafa huweza kuanza miezi, hata miaka, baada ya pigo. Kifafa hicho si pepo, kina dawa ya kumezwa kila siku, na mtu huyo asipandishwe mngazi wala asiachwe peke yake karibu na moto au mto. Mambo haya yote ni sehemu ya mzigo, na mwandishi wake ni wewe, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua nyumba yake iko wapi.

Maswali ya kujibu kabla ya somo la kumi

1. Kwa nini mtu aliyezimia kisha akaamka na kusema vema asirudishwe nyumbani siku ileile?

2. Mgonjwa alifika saa nne za asubuhi, akapimwa: macho 4, maneno 4, mwili 6. Saa tano na nusu ana macho 3, maneno 3, mwili 5. Jumla zake ni ngapi? Utafanya nini kwanza?

3. Katika eneo lenye watu 16,000, daftari la hospitali lina mistari 30 ya walioumia ubongo mwaka mzima, lakini wagonjwa 6 wameandikwa mara mbili. Wachungaji wametaja wengine 8 waliokufa bila kufikishwa. Walioumia ni watu wangapi? Ni wangapi katika kila watu 1,000?

4. Katika vijiji vya Mukono, kwa nini daftari la hospitali lisingeonyesha kilichoua zaidi?

5. Ndugu wa mgonjwa wamenunua sindano za deksametasoni kwa fedha ya kuuza mbuzi wao wa pekee. Utawaambia maneno gani, kwa upole, ili waelewe?

6. Fungua daftari la kituo chako, mwaka uliopita. Hesabu mistari iliyoandikwa "ameanguka" bila neno la pili. Leta hesabu hiyo siku ya mkutano.